Boriti Chini ya Kinu

Mkamba aliyeshikwa na njaa katika River Road hakuhitaji kusoma kibao ili aijue hoteli ya Munyiva. Alisimama tu kando ya barabara akatega sikio. Akisikia mchi ukipiga kinu juu ya kichwa chake, du, du, du, alijua amefika, akapanda ngazi. Kibao kilikuwapo, kimeandikwa kwa rangi nyekundu, lakini fundi saa wa mlango wa pili alikuwa ametundika chake mbele ya hicho, na Munyiva hakuona sababu ya kugombana na fundi saa. Mchi ulisomeka hata na wasiojua kusoma.

Kilichotwangwa kilikuwa muthokoi, yaani mahindi yanayorushiwa maji kidogo, yakatwangwa mpaka maganda yakatoka, kisha yakapikwa pamoja na maharagwe. Mwaka huo wa 1971 mashine za kukoboa zilikuwa zimejaa mjini, na muthokoi wa mashine uliuzwa kwa gunia. Wakamba wa Nairobi walikuwa wameuonja. Walisema ni chakula kinachowafaa sana wagonjwa.

Basi Munyiva na dada yake Kanini walisimama jikoni, ghorofa ya kwanza, kila mmoja na mchi wake, wakapokezana katika kinu kimoja kikubwa kilichotoka Mbooni juu ya basi. Chini ya jiko hilo palikuwa na duka la kupiga chapa la Bwana Mungai, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Mungai alichapa kadi za arusi, vitabu vya risiti na kalenda za makanisa. Baina ya kinu na mashine yake palikuwa na sakafu, na chini ya sakafu boriti moja ya zege, iliyowekwa na Mhindi aliyejenga nyumba ile zamani za vita vya Hitler. Mhindi yule hakuwa amefikiria muthokoi.

Siku mambo yalipoharibika, Zedekiah Sifuna alikuwa mezani anakula. Sifuna hakuwa Mkamba. Alikuwa Mbukusu wa Kimilili, fundi wa zege aliyeishi Mutuini, na kazi yake ilikuwa kutengeneza nguzo za ua na vizingiti vya milango. Ndiye aliyemjengea Munyiva jiko la makaa, na tangu hapo alikula pale kila alipokuja mjini kununua misumari. Alikuwa mtu mrefu, mwenye kalamu mfukoni hata siku asizoandika, na alipozungumza alingoja kwanza watu wanyamaze.

Mungai alipanda ngazi akiwa na kadi ya arusi mkononi.

"Mama, hebu soma hapa."

"Sina miwani," Munyiva akasema, akiendelea kutwanga.

"Kwa hii hata miwani hutaki. Jina ya bwana arusi iko wapi?"

Munyiva akaitazama kadi. Mahali pa jina la bwana arusi palikuwa na doa jeupe, umbo la figo.

"Bibi arusi yuko," akasema.

"Bibi arusi yuko! Anaolewa na nani? Na chokaa?"

Watu mezani wakacheka. Mungai hakucheka. Alieleza kwamba chokaa kuanguka kutoka darini kinu kikipigwa lilikuwa jambo la zamani, amelizoea, na mashine yake amekwisha kuivika turubai kama ng'ombe mgonjwa. Lakini jana kilichoanguka hakikuwa chokaa. Lilikuwa donge la zege kubwa kama andazi, na lilianguka pale anaposimama yeye mwenyewe akikata karatasi, ila wakati huo alikuwa ameenda haja. Boriti ilikuwa imepasuka katikati, na ukisimama chini yake uliona nondo.

"Mwisho wa mwezi hii kinu ishuke," akasema. "Ishuke peke yake, ama ishuke na wewe. Hiyo mimi nakuachia."

Munyiva akaacha kutwanga. Kanini naye akaacha. Katika kimya kile mteja mmoja, ambaye alikuwa amefika nusu ya ngazi, alisimama, akasikiliza, akageuka akarudi barabarani. Wote walisikia viatu vyake vikishuka.

"Umeona?" Munyiva akamwambia Mungai. "Huyo amekwenda kula kwa Waarabu. Kinu kikinyamaza mimi nimefunga."

"Twanga huko nje."

"Barabarani askari wa kanjo ya jiji atanitwanga mimi. Na huko nyuma kwenye mapipa ya takataka, wewe utakula kilichotwangiwa hapo?"

Mungai alizitazama sahani za mezani, kwa kuwa hata yeye alikuwa mteja.

Hapo Sifuna akaweka kijiko chini. Akangoja watu wanyamaze, ingawa walikuwa wamenyamaza tayari.

"Bwana Mungai, shida si kinu. Shida ni boriti. Lazima uitoe hata kama mama huyu atahamia Mombasa. Nitakutengenezea nyingine."

"Nyingine ipasuke tena?"

"Hii nitatia nywele."

Watu wakamtazama. Sifuna akaeleza, kwa utaratibu, kama mtu aliyekuwa akiingojea siku hiyo. Kwao Kimilili, akasema, ukiikandika nyumba kwa udongo mtupu, mvua za kwanza zinaukokota wote mpaka mtoni. Ukitia manyasi yaliyokatwakatwa, udongo unashikana. Zege nalo ni udongo wenye majivuno. Sasa kule Industrial Area kulikuwa na karakana za kukereza vyuma, na mashine ikikereza chuma hutema maranda marefu yaliyojikunja, kama fundi seremala anavyotema maranda ya mbao. Maranda hayo yalikuwa takataka. Yalirundikwa nyuma ya karakana mpaka yakaota kutu, na mwenye karakana alimshukuru yeyote aliyeyaondoa. Yeye angeyatia ndani ya zege.

"Takataka," Mungai akasema. "Juu ya kichwa changu."

"Chuma," Sifuna akasema. "Na nakuambia mbele ya hawa wote, boriti hiyo haitapasuka. Itwangwe mchana kutwa. Haitapata ufa hata wa unywele."

"Apa."

"Sisi wa kanisa la Friends hatuapi. Ndiyo yetu ni ndiyo. Nikisema nimesema."

Mungai akafikiri. Boriti ilikuwa lazima ibadilishwe, hilo alilijua. "Sawa. Lakini kwanza ipigwe nikiona, na nitakuja na injinia. Ikipata ufa, hata kama ni wa unywele, kama vile umesema wewe, kinu inashuka na mama anashuka nayo. Mama, umekubali?"

Munyiva alimgeukia Sifuna. "Fundi, una hakika?"

"Nimesema," Sifuna akasema, akachukua kijiko chake.

"Basi nimekubali," akasema Munyiva, kwa sauti ya mtu anayepanda gari ambalo dereva wake anamjua kwa sura tu. Kisha akainua mchi.

Maranda ya kwanza yalifika Mutuini juu ya mkokoteni, ndani ya magunia yaliyotoboka, yakamwagwa uani kwa Sifuna. Mkewe, Philister, alitoka jikoni akayatazama. Siku hiyo hiyo kuku wawili walianza kuchechemea.

Sifuna hakuwa mtu wa kubahatisha. Alitengeneza kwanza matofali madogo ya kujaribia. La kwanza lilipasuka kwa nyundo moja, likafunguka kama mkate, na maranda yakachomoka ndani yake yakimetameta, laini, kama nywele za kichwa kilichopakwa mafuta. Na kweli yalikuwa na mafuta. Mashine za kukereza humwagiwa mafuta wakati wa kazi, na zege haliwezi kushika kitu chenye mafuta. Sifuna aliyaosha kwa maji. Hayakutakata.

"Sufuria ya nyama haioshwi na maji baridi," Philister akasema, akipita na kuni.

Sifuna akasema hilo alikuwa amekwisha kulifikiria. Jioni Philister aliinjika mboga ya mrenda, akatafuta magadi ya kuilainisha.

"Baba Lornah, magadi yangu iko wapi?"

"Iko kwa chuma."

"Yote?"

"Chuma ni nyingi."

Walikula mrenda mgumu, na maranda yakatakata. Tatizo la pili lilikuwa kwamba maranda yalipenda kukaa pamoja. Ukiyamwaga ndani ya zege yalikumbatiana yakawa viota, na ndani ya kila kiota palibaki shimo. Sifuna akachukua mkasi wa kukatia bati akaanza kuyakatakata yawe mafupi kama kidole. Kisha aliyanyunyiza kidogo kidogo zege likikorogwa, kama mtu anavyotia chumvi katika chakula cha mkwe. Tofali lililotoka hapo alilipiga nyundo mpaka mkono ukachoka. Philister akalipiga pia, kwa ajili ya magadi yake. Halikupasuka. Sifuna aliliweka juu ya kabati sebuleni, kando ya cheti chake cha ufundi kilichotiwa kioo, na wageni wote walionyeshwa.

Kisha akatengeneza boriti mbili zenye urefu na unene mmoja, zenye nondo za namna moja. Moja ilikuwa ya zege la kawaida na nyingine ya maranda. Akazifunika kwa magunia akazimwagia maji kila asubuhi na jioni, mpaka majirani wakauliza ameotesha nini. Hakuzipiga. Aliona ni utovu wa adabu kuipiga boriti kabla wageni hawajafika.

Jumamosi ya kupima, hoteli ya Munyiva ilifungwa. Yeye na Kanini walikuja Mutuini wamevaa nguo za kanisani. Mungai alikuja na Injinia Odero, kijana mwembamba mwenye miwani aliyesomea ng'ambo na kuishi Lavington, kwenye nyumba yenye ua mrefu na mbwa wawili. Mungai alimfahamu kwa sababu ndiye aliyemchapia kadi za arusi, na majina yote mawili yalikuwa yametoka. Gari la injinia liliachwa kwenye lami kwa ajili ya matope, naye akateremka kilima ameshikilia suruali yake mbele kwa vidole viwili, kama mama aliyeshika kanga.

Sifuna alikuwa amesimamisha miti mitatu, juu yake kapi, na kwenye kamba ya kapi akafunga gia boksi ya lori lililokufa. Boriti ya kawaida ililazwa juu ya mawe mawili, moja kila mwisho, katikati wazi. Majirani walikuwa wamekwisha kupanga viti.

"Mchi ni mwepesi kuliko hii," Munyiva akasema, akiitazama gia boksi. "Mnataka kuniua hoteli kwa makusudi."

"Mchi ni mwepesi, mama, lakini haukomi," Odero akajibu. "Mimi siwezi kukaa Mutuini miaka kumi nikitwanga. Kwa hivyo tutatwanga miaka kumi leo mchana."

Munyiva alilitafakari jibu hilo, akaketi.

Wakaivuta kamba, wakaiachia. Gia boksi ikaanguka juu ya boriti ya kawaida. Pigo la kwanza lilitoa ufa mmoja. La pili lilitoa kishindo, na zege likaruka vipande vipande. Kimoja kikapita kando ya sikio la jirani, kingine kikaingia ndani ya karai la Philister. Vipande vilipotulia, katikati ya boriti zilibaki nondo peke yake, uchi, zimepinda kama mbavu.

"Hii ndiyo iko juu ya kichwa changu saa hii?" Mungai akauliza.

"Ya kwako ni ya zamani zaidi," Odero akasema.

Mungai akavua kofia, akaivaa tena.

Sasa ikaletwa boriti ya maranda. Sifuna aliipangusa vumbi kwa kitambaa chake cha mfukoni. Kisha akasimama kando, mikono nyuma, kidevu juu, kama mtu anayengoja kupigwa picha.

Pigo la kwanza halikufanya kitu. Watu wakapiga makofi. Pigo la pili halikufanya kitu. Munyiva akamshika Kanini mkono. Baada ya pigo la tatu Injinia Odero akapiga magoti kwenye matope, akasahau suruali, akasogeza miwani.

"Iko?" Mungai akauliza.

"Iko."

"Ufa?"

"Ufa. Mwembamba. Kama unywele."

Mungai hakushangilia. Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli, kama mtu aliyeambiwa mteja mzuri amefariki. "Pole, mama," akasema.

Munyiva aliuachia mkono wa Kanini. Sifuna hakusogea. Kidevu chake kilibaki pale pale juu, kwa kuwa alikuwa hajui akiweke wapi.

"Ngojeni kidogo," Odero akasema. "Vuteni tena."

"Ya nini, injinia? Imekwisha pasuka."

"Vuteni."

Wakavuta. Gia boksi ikaanguka, ikavutwa, ikaanguka. Nyufa zikazidi, nyembamba nyembamba, zikatambaa upande wa chini kama mizizi. Boriti ikalegea katikati, ikapinda kidogo kama mtu aliyebeba mzigo. Lakini hakuna kipande kilichoruka. Hakuna hata donge lililoanguka. Wavuta kamba walichoka, wakaja wengine, nao wakachoka. Mwishowe Odero akaingiza mkono wake mwenyewe chini ya boriti, akaipapasa tumbo lake, akautoa. Mkononi hapakuwa na kitu ila vumbi.

"Fundi, umetia nini humu?"

"Maranda ya chuma," Sifuna akasema, kwa sauti ndogo. "Ya Industrial Area."

"Uliyaosha?"

"Kwa magadi."

"Yangu," Philister akasema.

Odero akasimama. Akasema huko alikosoma alipata kusikia watu wakizungumza juu ya kutia nyuzi za chuma ndani ya zege, lakini hakuwa amewahi kuona mtu aliyefanya, na hakutarajia kumwona Mutuini. Akasema boriti hii ndiyo angeiweka juu ya kichwa chake mwenyewe. Ile ya kwanza ilipasuka na kuanguka kwa pamoja, bila kubisha hodi. Hii inapasuka, inakaa, inakupa muda wa kutafuta fundi.

"Injinia," Mungai akasema kwa upole, "mimi sina shida na hiyo bimu. Ni nzuri, nimeona. Lakini kulikuwa na maneno. Huyu bwana alisema nini? Hata ufa wa unywele. Wewe umesema nini? Kama unywele. Nikiacha maneno ya watu ianguke hivi hivi, kesho nitakusanya kodi na nini?"

Watu wote wakamgeukia Sifuna, wakingoja ajitetee. Hakuna fundi aliyewahi kuwa na utetezi mzuri kama huo, umelala mbele yake juu ya mawe mawili.

Sifuna akakohoa. "Bwana Mungai ana haki," akasema. "Nilisema haitapasuka. Imepasuka. Ndiyo yangu ni ndiyo. Siwezi kuwa na ndiyo ya Jumatatu na nyingine ya Jumamosi."

Kanini ndiye aliyeelewa kwanza. "Huyu mtu anatufukuza," akamwambia dada yake.

Munyiva akasimama. Alivua viatu vyake vya kanisani, kimoja kimoja, akavipanga, akamwendea Sifuna peku kwenye matope, Kanini nyuma yake. Akainua mguu mmoja, ameshika bega la Kanini, akamwonyesha kisigino.

"Fundi, hii ni nini?"

Sifuna alitazama pembeni. Hakuwa amezoea kuonyeshwa visigino vya wanawake mbele ya mkewe.

"Tazama! Ni nini?"

"Ni magaga."

"Ni nyufa. Hizi nyufa niko nazo tangu nikiwa msichana wa kuteka maji. Zinaingia hata shilingi. Nimetembea nazo Mbooni mpaka Machakos, nimetembea nazo River Road, nimesimama juu yake natwanga, na kila Jumapili nazipaka mafuta. Huu mguu umewahi kukatika?"

"Haujakatika."

"Basi nani alikuambia ufa ni kuvunjika?"

Majirani wakaguna kwa kukubali, na mama mmoja akajitazama chini. Lakini Sifuna alikuwa amekwisha kujifungia ndani ya neno lake, na ufunguo ameuweka mfukoni. "Mama, si habari ya mguu. Ni habari ya nilichosema."

"Ulichosema ni chako! Hoteli ni yangu! Mimi nilikuambia useme? Nilikuomba boriti. Wewe ukaongeza unywele. Sasa huo unywele wako niupike?"

Mungai alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na zaidi ya hayo alikuwa amekwisha kuona nondo zile uchi. Alitaka boriti ya maranda juu ya kichwa chake kabla ya Jumatatu kama ingewezekana. Alichokosa ni njia ya kuipata bila kuonekana ameshindwa. Akaizunguka boriti, akaigusa kwa kiatu, akarudi.

"Nimepata," akasema. "Fundi mwenyewe aseme. Siku ile kwa hoteli alisema mbele ya watu. Leo pia watu wako. Aseme siku ile hakujua kitu alikuwa anasema. Akisema hivyo, maneno yake yamekufa, na yangu imekufa pamoja nayo. Kinu ikae."

Likawa jambo dogo sana, na kila mtu akaona ni dogo, isipokuwa Sifuna. Alitazama boriti. Alitazama nyumba yake, ambamo cheti kilikuwa kimetundikwa. Katika maisha yake alikuwa amewahi kusema kwamba mvua imemzuia, kwamba simiti ilikuwa mbaya, kwamba mwenye kazi hakueleza vizuri. Hakuwa amewahi kusema kwamba hakujua.

"Ndiyo yangu..." akaanza.

"Baba Lornah," Philister akamkatiza. Alikuwa bado ameshika karai lenye kipande cha zege ndani yake. "Kule kanisani, kwa mkutano, mtu akikosea si anasimama anasema amekosea? Ama hiyo ni ya wanawake peke yao?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajifanya anakohoa. Munyiva alikuwa bado peku, amesimama, anangoja. Hakusihi tena. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ya sufuria zake, zipi zitaingia garini na zipi atagawa.

Sifuna alimwona. Alishusha kidevu, akakirudisha, akatoa kalamu mfukoni, akairudisha pia.

"Jina langu ni Zedekiah Sifuna," akasema, kama mtu anayeanza kusoma somo la Jumapili, ingawa hapakuwa na asiyemjua. "Pale River Road nilisema boriti yangu haitapasuka. Nilijua kwamba itashika. Kwamba haitapasuka, hilo sikulijua. Nilikuwa nimepiga matofali madogo, nikadhani boriti ni tofali refu. Na nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa inasikika vizuri."

Mungai akageuka kuwatazama watu.

"Hawa wa nyuma hawakusikia," Mungai akasema.

Sifuna akarudia yote, pamoja na jina lake, kwa sauti ya kufika barabarani.

"Sasa wamesikia," Mungai akasema, akampa mkono. Odero naye akampa mkono, akamwuliza ni karakana gani hasa ya Industrial Area, na upande gani wa lango. Munyiva hakutoa mkono. Alirudi kwenye kiti chake, akapangusa miguu, akavaa viatu. Alipomaliza alisema, "Haya. Na hiyo ya kuweka, utaanza lini? Kwa sababu hii mmeipiga mpaka imechoka."

Sifuna alianza Jumatatu asubuhi. Alikata maranda, akayachemsha na magadi aliyoyanunua mwenyewe, akakoroga, akamimina. Philister alimsaidia kushika kasha la mbao, na hakutaja mkutano wala kanisa, jambo ambalo Sifuna aliliona ni uungwana mkubwa, ingawa lilimsumbua zaidi ya kama angelitaja.

Boriti ilipokomaa, wanaume wanane waliibeba kwa mabega kutoka kwenye lori mpaka dukani kwa Mungai. Sakafu ya jiko iliegemezwa kwa nguzo, ile ya Mhindi ikatolewa vipande vipande, mpya ikapandishwa mahali pake, ikakazwa. Munyiva na Kanini hawakungoja chokaa ikauke. Walisimama kila upande wa kinu, wakainua michi, na barabarani watu wawili waliokuwa wakielekea kituo cha basi wakasimama, wakasikiliza, wakapanda ngazi.

Chini, Mungai na Sifuna walikuwa wamesimama bega kwa bega, vichwa juu, wanaitazama boriti ikipokea mapigo. Hakuna kilichoanguka.

"Na hii, fundi?" Mungai akauliza. "Itapasuka?"

Sifuna alingoja, kama desturi yake, mpaka mwenzake anyamaze kabisa.

"Itapasuka," akasema.

"Lini?"

"Sijui."

Mungai aliitazama tena boriti, kisha akamtazama Sifuna, kisha akatoa turubai juu ya mashine yake ya kupiga chapa, akalikunja vizuri, akaliweka chini ya meza.